Kwa nini unahangaika danjoni nzima halafu kasha la mwisho linakupa takataka?

#1 MzeeWaHandaki
Habari zenu wakuu, niende kwenye mada moja kwa moja.

Jana usiku nimeanza Skyrim upya, nadhani ni mara ya tano toka niijue hii gemu, nipo levo 6. Nikaingia pango moja la Draugr (wale maiti wanaotembea), nimekaa humo zaidi ya saa nzima, mishale imeisha, dawa zimeisha, mitego ya miiba imenipiga mara 3, bosi nimemuua damu yangu imebaki kidogo hata kwenye mstari haionekani. Nakimbilia lile kasha kubwa nyuma ya jeneza lake, nafungua, nakuta dhahabu 38, dawa ya stamina, helmeti ya chuma na buti za ngozi. Buti za ngozi jamani! Nimevaa bora kuliko hizo toka kijiji cha kwanza.

Nadai hivi: luti (vitu unavyookota) ya bahati nasibu ndo imeua raha ya danjoni, yaani haya mapango ya majini na hazina. Kitu alichokiweka mtu kwa mkono wake mahali fulani, kwa sababu fulani, kitazidi daima kitu kilichotupwa humo na kompyuta. Anayebisha aje na hoja.

#2 Chura_wa_Ziwa
Naweka kambi hapa, nasubiri wajuvi.

#3 FundiKufuli
Mkuu MzeeWaHandaki umekosea mahali pamoja, kile kasha hakikupewa vitu kiholela tu. Skyrim inatumia orodha za vitu zinazofuata levo. Mapango mengi yana levo ya chini na levo ya juu, na ukiingia mara ya kwanza pango linajifunga kwenye levo uliyokuwa nayo ndani ya mipaka hiyo. Wewe umeingia na levo 6, orodha inasema levo 6 ni chuma na ngozi, kwa hiyo ulitegemea nini? Ungeingia pango hilohilo na levo kubwa ungekuta vifaa vya ebony au kioo, vile vya daraja la juu, humo ndani, ila na Draugr wangekuwa wa daraja jingine, wale wanaokupigia kelele upanga unaruka mkononi.

Na ubaya wake ni kwamba hata vile vitu vyenye jina vinafuata levo. Chillrend, ule upanga wa barafu ulio kwenye kabati la kioo chini ya nyumba ya mhusika mmoja, Mercer Frey, pale mji wa Riften, una madaraja 6. Ukiuchukua mapema unabaki nao wa mapema maisha yako yote, ule kamili ni kuanzia levo 46. Nimewahi kuwaambia watu hapa, usiwe na haraka na Riften.

#4 MzeeWaHandaki
FundiKufuli asante kwa darasa ila umezidi kunipa nguvu. Yaani gemu inanipima mfuko kabla sijaingia halafu inanipa saizi yangu? Sasa ujasiri una faida gani? Kwenye Morrowind ya 2002, gemu ya ukoo huohuo wa Skyrim, kulikuwa na Umbra, yule Orc amesimama zake karibu na Suran, anakusubiri umuue. Una levo 3 au levo 30, upanga wake ni uleule. Ukiweza kumuua kwa ujanja na levo ndogo, ni wako, umepata. Hiyo ndo luti.

#5 Mama_Tristram
Naomba nipite na upande wa pili maana naona bahati nasibu inatukanwa hapa na mtu hajaijua vizuri.

Mimi nimekulia Diablo II. Kaka yangu alileta diski nyumbani, kompyuta yenyewe ilikuwa ya ofisini kwa baba, tunacheza kwa zamu baba akilala. Gemu yenyewe ya 2000. Mephisto, bosi mmoja wa humo, nimemuua mara ngapi sijui, mamia, na kila akianguka mimi nasimama kwenye kiti. Unasikia ule mlio wa pete ikigonga sakafu? Ule mlio mdogo tu, tiing. Kabla hujaona ni pete gani moyo umeshatoka. Hakuna kasha la kuwekwa kwa mkono linaweza kukupa hiyo, sababu ukilifungua mara moja ukalijua umemaliza, mara ya pili unaenda kama unaenda kuchukua koti kabatini.

Asili yake ndo hiyo hata kabla ya Diablo. Gemu ya Rogue ya 1980, danjoni inajijenga upya kila ukianza, unashuka hadi chini kutafuta hirizi ya Yendor. Waliotengeneza walitaka gemu ambayo hata wao wenyewe wakiicheza haiwezi kuwa ya kukariri. Na Diablo yenyewe imezaliwa kutoka huko, kupitia gemu kama Moria. Kanisa, katakombi (makaburi ya chini ya ardhi), mapango, jehanamu, ngazi 16 chini ya mji wa Tristram na hazifanani ukianza tena.

#6 mbishi_halali
Mama_Tristram heshima yako dada, lakini ulichokieleza hapo kuanzia "moyo umeshatoka" ni mkeka. Ni kubeti. Mwanasaikolojia Skinner alionesha zamani kwa njiwa, ukimpa punje kila akidonoa anadonoa akishiba anaacha, ukimpa punje kwa kubahatisha haachi, anadonoa mpaka anachoka. Sisi tunadonoa makasha.

Ndo maana kampuni zikaona hapa kuna hela, wakaanza kuuza makasha yenyewe kwa pesa halisi. Ubelgiji mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ikasema hayo makasha ya kulipia ni kamari na wakayapiga marufuku. Mtu akikuuliza kwa nini kasha la mwisho lina takataka jibu ni kwamba LAZIMA liwe na takataka mara nyingi, lingekuwa na dhahabu kila siku usingerudi.

#7 Mama_Tristram
mbishi_halali hapana, usichanganye. Mkeka unaliwa hela yako. Mimi Mephisto hajawahi kunidai hata shilingi. Na kamari huna cha kufanya zaidi ya kusubiri, huku najua nimuue wapi, nivae nini, nipite njia ipi niwahi. Kuna ujuzi hapo. Nilivaa vitu vya kuongeza bahati ya kupata vitu vya uchawi mpaka asilimia 300 na kitu nikawa natafuta rune ya Zod, jiwe adimu la nguvu, miezi na miezi, hiyo sio njiwa, hiyo ni mipango.

#8 Jongoo_Mpole
Samahani dada Mama_Tristram ila hiyo mipango ilikuwa na tundu. Ile asilimia ya bahati haigusi rune kabisa. Inachofanya ni kuongeza nafasi kitu kilichokwisha kuanguka kiwe cha uchawi, adimu, seti au cha kipekee. Rune haina daraja hizo. Wala haiongezi idadi ya vitu vinavyoanguka. Kinachoongeza idadi ni wachezaji kuwa wengi kwenye gemu, ndo maana ukicheza peke yako unaandika ile amri ya players 8, majini yanakuwa na damu nyingi ila na vitu vinaanguka zaidi.

Pia kwa vitu vya kipekee ukizidi kupanda asilimia faida inapungua, 300 haikupi mara tatu zaidi.

#9 Mama_Tristram
Jongoo_Mpole miezi mingapi hiyo jamani. Asante, ungekuwepo enzi zile.

#10 kipepeo254
Wasee, mko sawa? Mimi naona mnajadili kasha na hamjadili pango. Tuanze na Bleak Falls Barrow, pango la mwanzoni Skyrim, kila mtu hapa ameipitia. Unaingia, wezi wako mlangoni, halafu nguzo tatu za kuzungusha zenye picha, nyoka nyoka nyangumi, unavuta wenzo. Ukikosea mishale inakuchoma. Unashuka unakuta jamaa amenaswa kwenye utando wa buibui anakuomba umkate, unamkata, anakimbia na ukucha wa dhahabu mtu asiye na shukrani kabisa, anaenda kufia mbele huko. Unachukua ukucha. Unafika mlango wa duara tatu na hujui ufanye nini. Mimi nilikaa hapo siku mbili, SIKU MBILI, nimejaribu kila mpangilio, mpaka binamu yangu akaniambia si uuangalie huo ukucha mkononi. Nikaufungua kwenye begi, nikauzungusha polepole, kiganja kikageuka upande wangu: dubu, nondo, bundi. Imechongwa hapo siku zote.

Hiyo sekunde ndo luti yangu. Sikumbuki kasha la mwisho lilikuwa na nini na sijali. Kasha ni kisingizio cha kukufanya utembee.

#11 FundiKufuli
kipepeo254 umeshusha nondo kweli, na dubu na bundi juu.

#12 Chura_wa_Ziwa
😂😂 hii imeenda

#13 MzeeWaHandaki
kipepeo254 nakubali kabisa na unanisaidia mimi maana ule ukucha uliwekwa na mtu, sio kompyuta. Hilo ndo ninalolisema toka #1.

#14 Mganga_wa_Pixel
Mmeshindwa kutaja sababu kubwa kuliko zote kwa upande wa Skyrim na mimi nitaitaja: uhunzi. Kile kasha halina takataka, wewe ndo umelifanya liwe takataka. Ukipandisha uhunzi na uchawi wa kutia kwenye silaha mpaka 100, unatia nguvu mbili kwenye kitu kimoja, halafu unainoa kwenye jiwe. Vitu vya kuokota vingi vinakuja na nguvu moja tu. Sasa pango gani litakupa kitu kishindane na cha kwako? Hakuna. Ukifika hapo makasha yote yanakuwa duka la dhahabu na chumvi za kutengenezea.

Jaribuni mcheze bila kugusa uhunzi hata mara moja. Mimi nilifanya hivyo nikashangaa, ngao ya kawaida yenye kinga ya moto kidogo nimeikuta kwenye kisanduku cha maji machafu huko nikaibeba masaa 20. Ilikuwa ngao yangu kweli.

#15 FundiKufuli
Mganga hoja nzuri ila mwenzetu yuko levo 6, hana uhunzi wowote bado. Haielezi buti za ngozi.

#16 Mganga_wa_Pixel
Sawa, ila ninaeleza ya kwetu sisi wengine.

#17 ndugu_wa_mifupa
Kwa wanaotaka luti ya mkono nendeni gemu ya Dark Souls ya 2011, kila kitu kiko mahali pake na hakibadiliki. Ila sasa huko kasha lenyewe linaweza kukula. Kwenye ngome ya Sen's Fortress, nimetoka kukwepa mabembea ya mashoka na yale majiwe yanayobingirika, nimeona kasha peke yake kwenye chumba, nikasema asante Mungu. Nikanyoosha mkono. Kikafunguka kikiwa na MENO na mikono, kikaninyanyua kikanitafuna kikanitema. Nilizima redio chumbani nikakaa kimya.

Mbinu ni mnyororo ubavuni mwa kasha. Kasha la kweli mnyororo umejikunja kurudi nyuma, Mimic, yaani jini linalojifanya kasha, mnyororo wake umenyooka kuja mbele. Na ukikaa ukaliangalia sana linapumua. Ukimuua yule wa Sen's anakuachia mkuki wa radi, mzuri tu. Toka siku hiyo napiga kila kasha upanga mmoja kwanza kabla ya kufungua, gemu yoyote ile, na nawashauri wote.

#18 Jongoo_Mpole
ndugu_wa_mifupa usiwashauri watu hivyo, ukienda Dark Souls II ukapiga kasha la mbao linavunjika na kilichokuwemo kinageuka takataka, na kitu chenyewe kinaitwa hivyo hivyo takataka. Kwa hiyo kasha la mwisho linakuwa na takataka kwa mkono wako mwenyewe.

#19 ndugu_wa_mifupa
Ahaaa. Kumbe ndo maana. Nimekaa na hizo takataka kwenye begi nikidhani kuna mzee mahali atakuja kuzinunua.

#20 mbishi_halali
Kuhusu Mimic, hao wapo toka Dungeons & Dragons ya mezani miaka ya 1970. Na huko ndo chanzo cha tabia yetu yote. Kwenye sheria za mwanzo kabisa za 1974 na zilizofuata, dhahabu uliyoitoa danjoni ndo iliyokupa uzoefu wa kupanda levo, sarafu moja pointi moja, na kwenye hizo zilizofuata majini yalikupa kidogo tu. Kwa hiyo mchezaji mwenye akili hapigani, ananyata, anaiba, anatoka. Baadaye gemu nyingi za kompyuta zikahamisha uzoefu kwenye kupigana. Kasha likabaki kama pambo la mwisho wa njia. Nadhani hiyo ndo sababu halisi ya mleta mada kusikitika: malipo yake ameshalipwa njiani, kwa kupigana, kasha halina cha kuongeza.

#21 Mama_Tristram
Hii sasa ni hoja mbishi, hii nimeipenda.

#22 Bahari_Hindi
Naomba niseme yangu ambayo haihusiani sana. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na mhusika mmoja Skyrim kwa sababu laptop ni moja na sevu tunafuta kupata nafasi. Nimesubiri Chillrend mpaka levo 46 kama FundiKufuli anavyosema hapo juu, nimesubiri KWELI, mwezi mzima sikugusa Riften. Nikaichukua. Kesho yake natoka kazini nakuta upanga haupo. Namuuliza, anasema "si ule wa bluu? begi lilikuwa limejaa, nilikuwa sikimbii, nikauuza." Aliuuza ili abebe jibini na vichwa vya kabichi. Nikakimbilia dukani kwenye gemu na yeye alikuwa ameshalala siku kadhaa kwenye nyumba ya wageni, muuza duka akishapitisha masaa 48 anabadilisha bidhaa. Umeenda.

Alikuwa na miaka 9, sikumpiga. Nilitoka nje nikakaa barazani.

#23 kipepeo254
Pole sana maze. Hii imeniuma kuliko mtego wowote.

#24 FundiKufuli
Bahari_Hindi pole. Siku nyingine mpe Lydia, yule msaidizi wako wa kwenye gemu, abebe jibini.

#25 Bahari_Hindi
Lydia alishamwacha kwenye daraja siku ya pili ya gemu.

#26 tochi_ya_mwisho
Nimesoma wote. Nataka kuongeza uchumi maana hamjaugusa. Vitu vikianguka ovyo thamani inakufa. Diablo II dhahabu ilikuwa haina maana yoyote, watu wakawa wanabadilishana kwa pete ya Stone of Jordan kama vile ndo noti. Halafu wajanja wakajua kuzikopi, zikajaa soko zima. Watengenezaji baadaye wakaweka kwamba zikiuzwa nyingi kwa wachuuzi wa gemu anatokea Diablo mkubwa, pete zikapungua kidogo.

Diablo III wakaja na soko la mnada, hata la pesa halisi. Sasa kwa nini niende danjoni wakati nanunua kitu bora sokoni kwa dakika 2? Na vitu vikawa vinaanguka vibaya, unacheza mchawi unadondoshewa vya mshenzi wa marungu. Walilifunga 18 Machi 2014, wakasema waziwazi linaharibu kiini cha gemu yenyewe, kuua majini ili upate vitu. Wiki tatu kabla wakaleta mfumo mpya, vitu vichache ila vinavyokufaa wewe.

Kwa hiyo Mzee wangu MzeeWaHandaki kompyuta haina kosa. Kosa ni la aliyepanga ianguke mara ngapi na kwa nani.

#27 Mganga_wa_Pixel
Hiyo Diablo III ndo iliniondoa kwenye mhusika wa kufa mara moja. Nilikuwa levo 60, nimeingia danjoni, bando limeisha katikati ya mapigano. Kwenye kompyuta hiyo gemu lazima uwe onlaini hata ukicheza peke yako. Mtandao ukikatika mhusika anabaki amesimama hapo sekunde kadhaa anapigwa huku wewe unahangaika kununua bando. Nimerudi nakuta jina lake kwenye orodha ya marehemu. Luti yote imekwenda naye.

#28 babu_wa_maandishi
Vijana, mimi nacheza NetHack, gemu ya zamani ya danjoni kwa herufi tupu, mpaka leo. Mhusika wako ni alama ya @ tu kwenye kioo cheusi. Hiyo gemu luti unaokota hujui ni nini. "Kidani cha pembe tatu". Unavaa? Kinaweza kukunyonga. Kwa hiyo unajifunza. Unaangalia paka wako anapitaje: kama kitu kimelaaniwa paka anakikanyaga kwa kusitasita sana na gemu inakuandikia hivyo. Ukipata madhabahu unakidondosha juu yake, kikiwaka cheusi kina laana. Dukani unasikiliza bei unakisia ni kitu gani.

Kasha la takataka kwangu halipo, kwa sababu mpaka nijue kwamba ni takataka nimeshafanya kazi ya upelelezi nusu saa na nimeifurahia. Skyrim inakuambia jina, uzito na bei kabla hujagusa. Siri imeshafukuzwa. Nadhani hapo ndipo raha ilipopotea, sio kwenye bahati wala mkono.

#29 MzeeWaHandaki
Babu shikamoo. Hii sikuwahi kuifikiria. Paka kweli?

#30 babu_wa_maandishi
Marahaba. Paka au mbwa, unayeanza naye. Usimwache ngazi ya juu.

#31 ndugu_wa_mifupa
Mbona hakuna aliyegusa gemu ya Elden Ring? Vitu vimewekwa kwa mkono vyote, na bado nashuka katakombi nzima na wale vijini wadogo wa mawe wanaonirukia na visu, namuua bosi ambaye nilishamuua katakombi nyingine, napewa majivu ya kuita askari ambao sitawaita kamwe. Kwa hiyo mkuu MzeeWaHandaki mkono wa mtu nao unaweka takataka.

#32 MzeeWaHandaki
Hapo umenibana. Ila yale majivu mtu mwingine alikuwa anayatafuta, na anajua ayafuate wapi. Mimi buti zangu za ngozi hakuna anayezitafuta duniani.

#33 Jongoo_Mpole
Swali dogo, lile pango lako ulitoka kwa mlango gani? Ule ulioingilia?

#34 MzeeWaHandaki
Ndio, nilirudi nilikotoka. Kwa nini?

#35 kipepeo254
Weeeh.

#36 FundiKufuli
Mkuu. Mapango mengi ya Skyrim yanazunguka. Baada ya bosi kuna ngazi au wenzo nyuma huko, inakutoa kwa njia ya mkato karibu na nje, na mara nyingi humo njiani kuna kitu. Hukupanda juu nyuma ya jeneza?

#37 MzeeWaHandaki
Narudi sasa hivi.

#38 Chura_wa_Ziwa
Wakati tunamsubiri naomba kuuliza, laptop yangu ina RAM ya 4, ya zamani kidogo, hii Skyrim itaingia?

#39 tochi_ya_mwisho
Chukua ile ya kwanza ya 2011, hiyo ilidai RAM 2 tu. Ile ya 2016 iliyoboreshwa wanataka 8, itakusumbua. Punguza vivuli, ndo vinakula.

#40 Chura_wa_Ziwa
Asante mkuu.

#41 mbishi_halali
Na ukiirudia baadaye makasha yanajaa tena, pango ulilolimaliza ni siku 30 za gemu, ambalo hukulimaliza siku 10. Usije ukaficha vitu vyako humo.

#42 MzeeWaHandaki
Nimerudi. Kulikuwa na ngazi upande wa kushoto gizani, sikuiona kwa sababu tochi ilizimika nikipigana. Juu kuna mnyororo wa kuvuta, ukuta ukashuka, njia nyembamba, maji yanadondoka, mwishoni kabisa kasha dogo bila kufuli na mwanga wa nje unaingia hapo. Ndani kulikuwa na dhahabu 61, jiwe la garnet na kidani cha kuongeza uwezo wa kubeba kidogo.

Nimekivaa. Nimekaa hapo mlangoni nikaangalia theluji.

#43 babu_wa_maandishi
Uliangalia kama kina laana?

#44 Bahari_Hindi
Usimwachie mtoto hiyo sevu.